Mkono wa Byamungu na Kichujio cha Mazutu

Pikapu ya ushirika wetu ilikuwa imesimama kwa mara ya tatu kati ya Kasongo na Wamaza, na Byamungu, dereva wake, alikuwa amelala chali chini yake, ndani ya matope, kwa muda uliokaribia saa nzima. Sisi abiria tulikaa kando ya barabara juu ya magunia ya chumvi: akina mama wanne waliokuwa wakienda kununua karanga, na mimi, katibu wa ushirika, niliyefuatana na gari ili kuonana na wakulima kabla ya mavuno ya mpunga.

Kasoro ilikuwa ile ile ya siku zote. Mazutu, yaani dizeli, yanayouzwa njiani huku kwetu husafiri ndani ya mabidoni, madumu ya plastiki, juu ya pikipiki, humiminwa na kumiminwa tena, huchanganyika na maji ya mvua na mchanga, na yakifika ndani ya tangi la gari huziba kichujio. Kichujio ni mkebe mdogo wa chuma wenye karatasi ndani, unaozuia uchafu usifike kwenye injini; kikiziba, injini hukosa pumzi na kuzima. Dawa yake ni kukifungua, kukiosha au kukibadili, na kukirudisha. Katika magari mengi, kazi hiyo mtu huifanya akiwa amesimama mbele ya injini. Walioitengeneza pikapu yetu waliona vema kukificha kichujio chini ya tumbo la gari, upande wa ndani wa fremu, nyuma ya bati, mahali ambapo mtu hukifikia kwa kulala chali na kuinua mkono wa kuume juu ya kichwa chake. Walikuwa na sababu zao, bila shaka. Sidhani tu kama waliwahi kulala pale wanapolala madereva wetu.

"Papa Byamungu!" mmoja wa akina mama aliita. "Umeshalala usingizi huko chini? Tukuletee mukeka?"

"Muniletee mukeka na bukari," sauti ilijibu kutoka chini ya gari. "Na samaki. Hii hoteli iko na giza, lakini maji haikosi."

Walicheka, nami nikacheka. Kisha niliinama ili kumpa kitambaa alichokuwa ameomba, na ndipo nilipoona. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevuka kifua, ukipapasa bila kuona nyuma ya lile bati. Mkono wa kuume ulikuwa umelazwa matopeni kando yake, umenyooka, hausaidii kitu.

"Mukono ya kuume iko na nini?" niliuliza.

"Haina kitu. Nipatie kitambaa, Bwana Sekretere."

"Tangu lini?"

Aliendelea kupapasa. "Tangu wewe ukiwa bado unakaa mu ma-auditoire ya universite ya Kisangani," alisema. "Sasa nipatie kitambaa."

Nilikuwa nimefanya kazi na mtu huyu kwa miaka minane. Nilijua kwamba anakunywa chai bila sukari na kwamba hapendi kusifiwa barabarani kwa sababu, asemavyo, barabara inasikia. Sikujua kwamba hawezi kuinua mkono wake. Nina shahada ya sayansi ya elimu. Nilifundishwa kwa miaka mitano namna ya kuwachunguza watu, na sikuwa nimemtazama.

Historia yake aliniambia baadaye, vipande vipande, njiani, bila kunigeukia. Alizaliwa katika milima ya Kivu, akaja Salamabila akiwa na miaka ishirini na miwili, pamoja na marafiki wawili, kuchimba dhahabu. Alichimba miaka mitatu. Asubuhi moja ukuta wa shimo ulimwangukia, akafukuliwa mchana. Bega lilifungwa kwa vijiti na maganda ya mti na mtu aliyejua kidogo, likapona kwa kupinda. Mkono ukawa na nguvu zake chini ya bega: unashika usukani, unabadilisha gia, unabeba ndoo. Juu ya bega hauendi. Kwa kuwa mchimbaji asiyeinua mkono hana kazi shimoni, mfanyabiashara mmoja alimchukua alinde mizigo juu ya lori, na huko akajifunza kuendesha. Alipoajiriwa na ushirika wetu hakusema habari ya bega, na hakuna aliyemwuliza. Miaka yote hiyo kichujio kilifunguliwa na Yves, mpakia mizigo wetu, ambaye alijua siri na kuitunza kama yake. Baada ya Pasaka Yves naye alikwenda Salamabila kutafuta dhahabu. Byamungu akabaki peke yake na lile bati.

Tulifika Wamaza jioni badala ya mchana. Katika ripoti ya safari niliandika kwamba tulichelewa kwa sababu ya mazutu machafu. Ilikuwa kweli, na nilipoandika nilijua kwamba haitoshi. Lakini akina mama wanne hawahitaji ripoti ili kueleza walichokiona. Tuliporudi Kasongo, Mama Léocadie, mwenyekiti wetu, alikuwa anajua kila kitu, hata lile la mkeka.

Mama Léocadie ni mkulima, mjane, mtu wa misa ya kila siku, na hajawahi kumwinulia mtu sauti. Alisoma mbele ya kamati kanuni yetu mwenyewe: dereva awe na uwezo wa kutengeneza njiani, kwa mikono yake, hitilafu ndogo za gari. Wakulima wa Wamaza walikuwa karibu kuvuna. Gari likisimama na mpunga juu yake katika mvua, mpunga huota, na kazi ya msimu mzima huwa chakula cha bata.

"Papa Byamungu, mimi sina neno na wewe," alisema. "Lakini kama mukono haifike, haifike. Utasema nini?"

"Nitasema mnipatie safari moja," alijibu.

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuonesha. Filtre ndiyo iko mahali mbaya. Tutaiondosha pale chini, tutaipandisha mu injini, karibu na batri. Nitaifungua nikiwa nimesimama, na hii mukono ya kushoto."

Kamati ilitazamana. Mlangoni alikuwa amesimama Blaise, dereva mwenye miaka thelathini, aliyerudi kutoka Salamabila na kuomba kazi. Alikuwa ameitwa ili awe karibu endapo angehitajika. Mama Léocadie alifikiri, kisha akaweka sharti lililokuwa wazi kwa kila mtu. Byamungu angekwenda Wamaza kuleta shehena ya kwanza ya mpunga. Akirudi kwa nguvu zake, bila kuvutwa na gari lingine na bila kuita fundi, angebaki dereva. La sivyo, angemkabidhi Blaise ufunguo siku hiyo hiyo.

Nilimsindikiza hadi kwake. Mkewe, Marie-Jeanne, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, naye alisikiliza habari bila kuacha kutwanga.

"Papa Plamedi," alisema mwishoni, akimwita kwa jina la mtoto wao, "na kama wakikunyang'anya ufunguo?"

"Nitalima na wewe."

"Na jembe utainua na nini? Na kichwa?" Aliniangalia mimi, kana kwamba nilikuwa upande wa kamati, na huenda nilikuwa. "Bwana Sekretere, huyu mutu akikaa hapa nyumbani, akingojea tu miye nitoke shamba nimupikie, atakufa. Kwa mwaka moja tu. Miye namujua."

Byamungu alisema kwamba sombe inaanza kunukia vizuri.

Garaji ya Kamaldine iko nyuma ya soko: paa la mabati juu ya nguzo nne na ardhi nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Kamaldine ni fundi mrefu, hodari, mwenye kofia ya kufumwa asiyoivua hata akiingia chini ya gari, na ulimi usiopumzika. Tulimweleza tunachotaka.

"Kumbe Muzee amechoka kulala chini," alisema. "Miye nilizani wanaume wa milima wanazoea baridi."

"Milima iko na baridi ya juu," Byamungu alijibu. "Hii yenu ya matope inaingia mu mifupa. Fungua kapo, fundi, acha kuhubiri."

Kazi ilichukua siku mbili. Waliondoa bati, wakakata mabano ya zamani, wakateremsha kile kichwa cha chuma ambacho mkebe wa kichujio hufungwa chini yake na ambacho juu yake kina pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono. Walitafuta mahali chini ya kapo, kile kifuniko cha injini. Kamaldine alitaka upande wa kuume, ambako palikuwa na nafasi. Byamungu alikataa, kwa kuwa bomba la moshi hupita huko na mazutu hayapendi moto. Walichagua upande wa kushoto, mbele ya batri. Kamaldine alikata chuma kutoka kwenye fremu ya kitanda kilichovunjika, akakikunja, akakitoboa matundu manne. Kila mara Byamungu alisimama mbele ya gari, akanyoosha mkono wa kushoto na kusema: chini kidogo, chini tena, basi. Nilimwona akipimiwa kama mtu anayeshonewa suti.

Palibaki suala la mipira ya kupitishia mazutu, maana sasa yalipaswa kusafiri njia ndefu zaidi. Kamaldine alileta vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, ambavyo hapa kwetu hufunga kila kitu, toka mizigo hadi milango.

"Hiyo hapana," Byamungu alisema. "Mazutu itaikula kwa wiki moja, iingize hewa. Tafuta mpira ya mazutu yenyewe, na makolie ya kukaza."

"Muzee anajua kuliko fundi!"

"Muzee ametembea njiani. Fundi anakaa mu kivuli."

Mpira halisi ulipatikana sokoni siku ya pili. Katika boksi la kichujio kipya nilikuta karatasi iliyochapwa kwa herufi ndogo sana na michoro kadhaa. Mchoro mmoja ulionyesha kibuyu kikimimina kitu ndani ya mkebe, na juu yake msalaba mwekundu. Niliutazama kwa muda. Nilidhani unakataza kuosha kichujio kwa petroli. Niliikunja karatasi, nikaitia mfukoni, na hili nalitaja kwa sababu nina haja ya kulitaja.

Injini iliwaka. Kamaldine alipiga makofi. Byamungu alifunga kapo, akaifungua, akaifunga tena.

Tuliondoka Jumatatu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumamosi, na barabara ilikuwa kama ilivyo. Pikipiki zilitupita zikiyumba, zikiwa na mabidoni, kuku na wachimbaji waliolala mgongoni mwa madereva wao. Baada ya kituo cha kwanza cha mazutu injini ilianza kukohoa. Byamungu aliegesha, akashuka, akafungua kapo. Kwa mkono wa kushoto alikizungusha kile kichujio mpaka kikatoka, akamwaga maji ya kahawia yaliyokaa ndani, akakiosha, akakirudisha. Kisha akaanza kubonyeza ile pampu ndogo ili mazutu yapande na hewa itoke. Alibonyeza mara mia na arobaini, nilihesabu. Mara tatu alisimama kuupumzisha mkono. Hata hivyo tulikuwa tumetumia robo saa tu, na nguo zake zilikuwa kavu.

"Bwana Sekretere," alisema akipanda, "umeona? Mutu anatengeneza gari akiwa na viatu safi!"

Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile. Katika kijiji kilichofuata alifungua kapo ili tu wenyeji waone, akawaeleza, akawaacha waguse.

Kituo cha pili cha kusimama kilikuwa kabla ya Wamaza. Safari hii alipokwisha kuosha kichujio, alichukua bidoni lililonunuliwa njiani, akamimina mazutu moja kwa moja kwenye tundu la katikati ya mkebe mpaka ukajaa, akaufunga mahali pake. Alibonyeza pampu mara kumi tu na injini ikawaka. Namna hii hutumiwa na kila dereva ninayemfahamu. Hupunguza kazi ya kubonyeza. Kwa pikapu yetu haikuwahi kufanyika, kwa sababu ndogo tu: kichujio kilipokuwa chini, anayejaribu kukipachika kikiwa kimejaa angemwagikiwa machoni.

Nilipoona mazutu yakiingia, niliukumbuka mchoro. Kibuyu, mkebe, msalaba mwekundu. Nilitia mkono mfukoni, karatasi ilikuwamo. Nilijiuliza: kama mchoro unakataza hiki anachokifanya, kwa nini madereva wote hukifanya? Na mimi ni nani wa kumwambia mtu aliyeendesha miaka ishirini na tano, siku ya kwanza anapofanya kazi yake bila maumivu, kwamba anakosea, kwa ushahidi wa picha nisiyoielewa vizuri? Nilijibu ndani ya moyo wangu kwamba nitamwuliza jioni. Jioni tulipakia mpunga mpaka giza, sote tukachoka, sikumwuliza. Kesho yake, tukirudi na magunia ishirini, alimimina tena mara mbili.

Katikati ya njia, kwenye mlima mrefu wenye mawe, injini ilibadilisha sauti. Iligonga kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko, moshi mweupe ukatoka nyuma, nguvu zikaisha. Byamungu alisimamisha gari na kusikiliza, kichwa kikiwa kimeinama. Alifungua kapo, akalegeza mabomba membamba ya injini moja baada ya jingine, akisikiliza kila mara.

"Silinda ya tatu imekufa," alisema. "Inabaki tatu kwa nne."

"Tufanye nini?"

"Tutaenda na tatu."

Hayo ndiyo yaliyofuata kwa siku mbili. Kwenye tambarare alienda mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye kila mlima tuliteremsha magunia, na watu wenye baiskeli, wakulima waliokuwa wakienda sokoni, walitusaidia kuyasukuma hadi juu. Pikapu ikapanda tupu ikilia, kisha tukapakia tena. Mara mbili gari la mfanyabiashara mmoja lilisimama na dereva akatoa kamba. Byamungu alimshukuru, akakataa. Uso wake ulikuwa wa majivu. Chakula hakukigusa. Katika mteremko mmoja aliniambia, bila kugeuka, "Nilizani filtre ndiyo ilikuwa inanichosha. Kumbe ni kazi yote," akabadilisha gia.

Tuliingia Kasongo siku ya tatu tangu kuondoka Wamaza, adhuhuri, kwa nguvu zetu. Mpunga ulikuwa umelowa pembeni, haukuwa umeota.

Kamaldine alifungua ile sindano ya tatu, kile kifaa chembamba kinachonyunyizia mazutu ndani ya injini, akakipuliza juu ya karatasi nyeupe. Chembe za mchanga zilianguka, laini kama unga. Aliacha mzaha.

"Huu mchanga umepita wapi?" alisema. "Filtre iko muzima. Mipira iko muzima. Umepita wapi?"

Byamungu alitikisa kichwa. Hapo nilitoa karatasi mfukoni na kuikunjua juu ya kapo. Nilieleza kama nilivyokwisha kuelewa katika zile siku mbili za kutembea nyuma ya gari: kwamba mazutu machafu huingia kwenye mkebe kupitia matundu madogo ya pembeni, huchujwa na karatasi, kisha hutoka yakiwa safi kupitia tundu la katikati. Anayemimina kwenye tundu la katikati huweka uchafu upande uliokwisha kuchujwa, na hakuna tena kitu cha kuuzuia.

Kamaldine alisoma karatasi akisogeza midomo. Byamungu hakuisoma. Aliniangalia mimi.

"Uliona nikimimina."

"Niliona."

"Na karatasi ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilidhani wewe ndiye unayejua."

Alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Na miye nilizani kama iko ubaya, wewe utasema. Wewe ndiye ulisoma."

Alikaa juu ya tairi kuukuu na kukamata bega lake, kama afanyavyo mtu anayeshika mtoto asianguke.

Kamati ilikutana kesho yake. Niliandika ripoti mara nne. Katika ya kwanza kosa lilikuwa la mazutu. Katika ya pili, la dereva. Ya tatu ilikuwa na maneno mengi na haikuwa na mtu ndani yake. Ya nne niliisoma mbele ya kamati nikiwa nimesimama: kwamba sharti lilitimizwa, kwa kuwa gari lilirudi bila kuvutwa na bila fundi, kwamba injini iliumia kwa namna dereva alivyojaza kichujio, na kwamba katibu aliona, alikuwa na karatasi yenye katazo, akanyamaza.

Mjumbe mmoja alisema kwamba sharti ni sharti, Byamungu amerudi, basi. Mwingine alisema kwamba gari lililokwenda zima na kurudi gonjwa halijarudi. Walibishana kwa muda. Mama Léocadie aliwaacha wachoke, kisha akamgeukia Blaise, ambaye safari hii alikuwa amepewa kiti.

"Blaise, mutoto wangu, wewe ukibadili filtre unafanya namna gani?"

Blaise alimtazama Byamungu, akatazama chini. Nadhani alijua jibu lingeweza kumpa kazi. Angeweza kusema lolote. Hakuna mwingine pale aliyewahi kubadili kichujio.

"Naijaza mazutu, Mama Prezida," alisema. "Halafu naifunga."

"Unamimina wapi?"

"Pale katikati. Sisi wote tunamimina pale. Hata kule Salamabila, wote. Miye sikujua kama ni kosa. Najua leo."

Mama Léocadie alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena.

"Basi kumupa wewe ufunguo kwa sababu ya hii kosa," alisema, "ni kumufukuza mutu na kuacha kosa mu gari."

Aliamua hivi: Byamungu abaki dereva kwa mavuno haya. Kila bidoni lichujwe kwa kitambaa kabla ya kuingia tangini. Mkebe usijazwe kamwe kwa kumimina. Mazutu yapandishwe kwa pampu, kidogo kidogo, yapite kwenye karatasi. Na kwa kuwa kanuni husema kwa mikono yake, kazi hiyo aifanye dereva mwenyewe. Blaise aliambiwa angoje. Alikubali, akampa Byamungu mkono, na Byamungu akaupokea kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo alishinda. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Marie-Jeanne alituma sahani ya sombe nyumbani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nilikula nikiwa na aibu.

Tuliondoka tena Alhamisi ya juma lililofuata, baada ya Kamaldine kurudisha sindano mahali pake. Tulikuwa hatujafika mbali injini ilipokohoa. Byamungu alifungua kapo, akaosha kichujio, akakirudisha kikiwa kitupu, akaweka kidole gumba cha kushoto juu ya pampu na kuanza. Mbele ya batri hapakuwa na matope wala giza. Alikuwa amesimama, viatu vikiwa safi, kama alivyotaka. Alibonyeza akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Baada ya hamsini gumba lilikufa ganzi. Alibadilisha, akatumia kiganja. Alijaribu mkono wa kuume. Pale ulifika, lakini kila alipoukandamiza bega lilivuta na uso wake ukakunjamana, akaurudisha chini.

"Acha nikusaidie," nilisema.

"Hapana."

"Hakuna anayeona, Papa Byamungu."

"Wewe utaona," alisema. "Na wewe sasa unaandika kila kitu."

Hakulisema kwa uchungu. Pikipiki mbili zilipita, mmoja wa abiria akapiga kelele kumsalimu kwa jina, naye akainua kidevu kumwitikia kwa kuwa mkono ulikuwa kazini. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa kapo, akafumba macho, jasho likimdondokea puani, akapumua kwa muda.

"Nimefika ngapi?"

"Tisini," nilimwambia, nikikumbuka zile mia na arobaini.

Akainua kichwa. "Tisini na moja," alisema, akaendelea.